Nyumba imeuzwa na benki lakini vitu vyangu bado viko ndani, nina haki gani?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kitengela, nalifupisha hapa. Nyumba yake ilikuwa na rehani ya benki, biashara ikaenda chini, malipo yakamshinda, ikauzwa kwa mnada. Akiwa amesafiri kumuuguza mamake, jirani akampigia simu kwamba kufuli zimebadilishwa. Ndani ameacha makochi, friji, vitanda, nguo, vyeti vya shule vya watoto na cherehani nne za kazi, moja ni ile kubwa ya kiwandani imefungwa kwa bolti sakafuni. Nje kuna tenki ya maji, sola juu ya paa, kuku na sukuma wiki. Keateka (mtunza nyumba) wa mnunuzi anamwambia kila kitu sasa ni cha mwenye nyumba mpya na kama anataka chochote alete pesa ya kuhifadhiwa mizigo. Anauliza: nimepoteza vyote? Nikienda usiku nivunje kufuli nitoe vitu vyangu, ni kosa? Na kama benki iliuza kwa bei ya juu kuliko deni, ile pesa ingine imeenda wapi?

Dada, pole sana. Nianze na jibu lenyewe manake najua hulali: hapana, hujapoteza vitu vyako. Benki iliuza kile ulichoweka rehani, na ulichoweka rehani ni shamba na nyumba iliyo juu yake. Hukuweka rehani kochi, hukuweka nguo za watoto, hukuweka friji. Dalali akigonga nyundo anauza kilichoandikwa kwenye hati na kwenye tangazo la mnada, basi, hawezi akakuuzia mtu kitu ambacho benki yenyewe haikuwa na haki nacho. Kwa hivyo huyo keateka anayekuambia kila kitu ni cha mwenye nyumba mpya anakudanganya, ama yeye mwenyewe kadanganywa. Lakini muda wako si mrefu, hilo nitalieleza.

Kuna swali moja lazima ujijibu kwanza kwa ukweli. Ulipochukua mkopo, ulisaini rehani ya nyumba peke yake, ama kulikuwa na karatasi ingine ya mashine na bidhaa za biashara? Tangu 2017 Kenya tuna sheria ya dhamana za mali inayohamishika, Movable Property Security Rights Act, na benki nyingi wakikupa mkopo wa biashara wanaweka pia mashine, stoki, hata gari kama dhamana, halafu wanaandikisha kwenye rejista ya serikali. Kama cherehani zako ziliandikwa huko, basi benki iko na neno juu ya hizo cherehani, na hata hapo ni benki, si huyu aliyenunua nyumba. Tafuta makaratasi ya mkopo, ama uombe benki nakala, uliza kwa maandishi kabisa "ni mali gani yangu ingine mko na dhamana nayo?" Pia kama friji ulichukua kwa kulipa polepole na hujamaliza, mwenye duka bado ana haki yake hapo, mwambie mapema iko wapi, anaweza hata kukusaidia kuifuata.

Sasa tuje kwa kinacholeta vita kila siku, yaani kipi ni cha nyumba na kipi ni chako. Kanuni tumerithi kwa Waingereza na korti zetu bado zinaitumia: kilichoshikanishwa na ardhi kinaenda na ardhi, kisichoshikana ni mali ya mwenyewe. Korti inaangalia mambo mawili. Kwanza kimeshikwa vipi, kwa uzito wake tu ama kwa simiti, misumari, bolti. Pili, na hili ndo zito zaidi, kilishikanishwa kwa nia gani: kuiboresha nyumba iwe nyumba, ama kukifanya hicho kitu chenyewe kitumike vizuri? Kuna kesi ya zamani ya huko Uingereza, Holland na Hodgson ya 1872, ilihusu mashine za kufuma zilizopigiliwa misumari kwenye sakafu ya kiwanda, na jaji alisema zimekuwa sehemu ya jengo. Jaji huyohuyo alitoa mfano ambao mawakili wote wanaukumbuka, kwamba mawe yakipangwa kuwa ukuta ni sehemu ya shamba hata bila simiti, lakini mawe yaleyale yakirundikwa tu uani ni mali inayobebeka.

Nimekuletea hiyo kesi kwa sababu ya cherehani yako ya bolti. Usishtuke. Wale walikuwa na kiwanda kilichojengwa kuwa kiwanda, wewe ulikuwa na nyumba ya kuishi ukafunga mashine chumba kimoja ili isiruke ikishona. Bolti nne unazifungua kwa spana dakika chache na sakafu inabaki sakafu. Mimi ningesimama kortini niseme bila wasiwasi kwamba hiyo mashine ni yako, ilifungwa ili ifanye kazi yake vizuri, haikufungwa ili nyumba iwe na thamani zaidi. Mnunuzi anaweza kubisha, ndio, lakini hoja yako ni nzuri. Zile tatu zingine hakuna hata mjadala.

Makochi, vitanda, friji, nguo, sufuria, TV, kuku: zako. Milango, madirisha, geti, masinki, makabati ya jikoni yaliyojengewa ukutani, hita ya maji ya bafuni, nyaya za stima, taa zilizojengewa kwa dari: hizo zimeenda na nyumba, usizidai na tafadhali usizing'oe, nimeona watu wenye haki kabisa wakijiharibia kesi kwa kung'oa masinki kwa hasira siku ya mwisho. Tenki kama ni ile ya plastiki imekaa tu juu ya stendi kwa uzito wake, una hoja, idai. Sola ndo ngumu. Paneli zilizofungwa kwa paa na waya zimepita ndani ya ukuta zinaelekea kuwa za nyumba, ila betri na inveta ambazo umeziweka chini na kuchomeka unaweza kuzipigania. Ushauri wangu kwa sola ni mpatane, wewe chukua betri na inveta umwachie paneli, kesi ya paneli peke yake itakula pesa kuliko paneli zenyewe. Kuhusu sukuma, mti unaenda na shamba lakini mimea ya msimu sheria ya kufurusha watu imeitaja waziwazi, na hapo ndo nataka ukae na mimi kidogo.

Mwaka wa 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ardhi ya 2012 na kuingiza vifungu 152A hadi 152I kuhusu kufurushwa. Vilitungwa kwa sababu ya yale tuliyokuwa tunayaona, tingatinga usiku, watoto nje na vitu vyao kwenye matope. Kifungu cha 152E kinasema mwenye ardhi ya kibinafsi akiona kuna mtu anakaa kwake bila ruhusa, anampa notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3 kabla ya siku ya kumtoa, na notisi iwe kwa lugha ya taifa na lugha rasmi, yaani una haki kuisoma kwa Kiswahili. Notisi hiyo inatakiwa iseme pia utaratibu wa kuondoa majengo na kuvuna mimea iliyo shambani, na nakala iende kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo. Sasa jiulize, wewe ulipewa hiyo? Kwa maelezo yako hukupewa kitu, ulikuta kufuli. Usichanganye na zile notisi za benki za kabla ya mnada, ile ya siku 90 ya kulipa, ile ya siku 40 ya kuuza na ile ya dalali ya siku 45. Hizo zilikuwa za kukuambia nyumba itauzwa. Hii ya 152E ni ya kukuambia utoke, inatoka kwa mwenye nyumba mpya, na mnunuzi anayejua kazi yake anaipeleka, akingoja muda ukiisha na hujatoka anaenda Korti ya Mazingira na Ardhi kutafuta oda. Masharti ya minada mingi yanamwambia kabisa mnunuzi kwamba kumtoa aliye ndani ni shughuli yake mwenyewe.

Halafu kuna 152G, hii ndo silaha yako. Inasema kufurushwa kokote kufanywe kwa kuheshimu utu na usalama wa watu, wanaoshiriki wajitambulishe na waonyeshe ruhusa, wanawake, watoto, wazee na wenye ulemavu waangaliwe kwa namna ya pekee, mtu asinyang'anywe mali yake ovyo, na kuwe na njia ya kulinda vitu vilivyoachwa nyuma bila hiari visiharibiwe. Soma hapo tena, vilivyoachwa nyuma bila hiari. Wewe ulikuwa hospitali na mamako, kufuli zikabadilishwa, hiyo ni bila hiari kabisa. Na hata ukiacha kifungu hicho, Katiba kifungu cha 40 kinalinda mali yako iwe ndogo iwe kubwa, na anayejikuta ameshika mali ya mtu mwingine hana ruhusa ya kuiuza ama kuiharibu kwa sababu tu imekaa ndani ya ukuta wake.

Ila, na hapa ndo nilisema muda si mrefu, kifungu kinachofuata, 152H, kinampa mwenye ardhi njia ya kutokea. Kinasema mali isiyodaiwa iliyoachwa baada ya mtu kufurushwa inaweza kuondolewa ama kuuzwa kwa mnada wa hadhara, zikishapita angalau siku 7. Neno la kushika hapo ni isiyodaiwa. Ukikaa kimya ukisubiri hasira ipoe, mwezi ukapita, miwili ikapita, mnunuzi atasema aliona vitu vimetelekezwa akaviuza, na utaanza kubishana kuhusu vitu ambavyo havipo. Ukividai kwa maandishi leo, na uwe na ushahidi kwamba barua imefika, hawezi tena kusema havikudaiwa. Kwa hivyo barua ndo kazi ya kwanza kabla ya kulia, kabla ya kupigana, kabla hata ya kutafuta wakili.

Barua yenyewe usiifanye ngumu. Sema wewe ni nani, nyumba ni ipi, vitu vilivyomo ni hivi (andika orodha, kimoja kimoja, hata rangi ya kochi), kwamba unavidai vyote, kwamba hukubali viuzwe wala vihamishwe, na unaomba upewe siku na saa ya kuvichukua ndani ya siku saba. Mpelekee mnunuzi, na kama humjui muulize dalali ama benki, ama ufanye sachi ya hati pale kwa ofisi ya ardhi ama kwa Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa serikali wa mtandaoni, kama eneo lako limeingia. Nakala kwa benki, dalali, naibu kamishna wa kaunti na OCS, yaani mkuu wa stesheni ya polisi. Tuma WhatsApp pia kwa keateka, zile tiki mbili za bluu zimewahi kusaidia watu wengi. Kisha ukusanye ushahidi kwamba vitu ni vyako, risiti, meseji za M-Pesa ulizolipia, picha za birthday za watoto ambazo kochi linaonekana nyuma, jirani aliyeona ukishusha mashine. Watu hudharau hizo picha za birthday lakini zimewahi kuwa ushahidi bora kuliko risiti iliyofifia.

Nenda pia stesheni uandikishe ripoti upewe nambari ya OB, lile daftari la matukio la polisi. Afisa anaweza kukuambia hii ni kesi ya madai si ya jinai, usibishane, mwambie hutaki mtu akamatwe, unataka iandikwe kwamba mali yako imefungiwa mahali na unaomba askari awepo siku ya kuichukua ili amani ikae. Hilo ni ombi la kawaida na mara nyingi wanakubali. Na vitu vikija kuuzwa ama kupotea, hiyo OB ndo itakuwa mwanzo wa malalamiko ya wizi ama ya uharibifu wa mali.

Kuhusu kuvunja kufuli usiku: usifanye dada, nakuomba. Vitu ni vyako lakini mahali si pako tena. Haki yako ya kuikomboa nyumba iliisha pale nyundo ilipogonga, na Sheria ya Adhabu inamshika mtu anayeingia kwa nguvu mahali ili apamiliki hata kama anaamini ana haki napo, ukiongezea na uharibifu wa mlango hapo umejiwekea kesi ya jinai wewe mwenye haki. Kuna pia hatari ya kawaida tu, usiku, soja hakujui, majirani wanapiga kelele za mwizi. Makochi hayana thamani hiyo.

Hiyo pesa ya kuhifadhi ambayo keateka anadai, usimpe. Yeye si mhusika kwa jambo hili. Hakuna mkataba mliofanya wa kuhifadhiwa mizigo, na mtu hawezi kufungia vitu vyako bila idhini yako halafu akutoze kodi ya kuvifungia. Kama mnunuzi alitoa pesa ya kweli, tuseme alikodi lori na stoo kuvihamisha, anaweza kujaribu kuidai, aonyeshe risiti, na korti iamue kama ni haki. Kuna wakati nawaambia watu, kama kiasi ni kidogo na vitu ni vya kazi unavyovihitaji kesho kula, lipa mnunuzi mwenyewe kwa M-Pesa uwe na rekodi, na uandike kwa meseji "nalipa kwa kulazimishwa, sikubali deni hili", uchukue cherehani zako uanze kushona, pesa utaidai baadaye. Hayo ni maamuzi yako, wewe ndo unajua nyumbani kukoje.

Siku ya kuchukua enda na watu wawili wazima, mpige video kuanzia getini hadi mwisho bila kukata, mkague kila kitu na ile orodha. Watakuletea karatasi usaini. Isome. Kama imeandikwa umepokea vyote na huna madai yoyote, na friji iko na mlango umevunjika, andika kwa mkono hapo chini kilichokosekana na kilichoharibika ndo usaini. Wakikataa uandike, usisaini.

Wakikupuuza siku saba ziishe, una njia ambayo watu wengi hawaijui. Korti ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016, inasikiza madai hadi shilingi milioni 1, na sheria yake inataja wazi madai ya kurudishiwa mali inayohamishika na ya hasara iliyofanyiwa mali. Huhitaji wakili, fomu ni rahisi, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Vitu vya nyumba ya kawaida na cherehani nne vinaingia hapo vizuri. Kama thamani inapita, ama unataka oda ya haraka ya kuzuia visiuzwe, hapo sasa tafuta wakili. Ukikosa pesa uliza kuhusu msaada wa kisheria wa serikali, kuna National Legal Aid Service na mashirika pia. Madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3, lakini usiitumie hiyo miaka, mali haingoji. Na kama dalali mwenyewe ndo alikuwa mstari wa mbele kubadilisha kufuli ama kubeba vitu ambavyo havikuwa kwenye tangazo, mshtaki kwa Bodi ya Leseni za Madalali, wako chini ya Auctioneers Act ya 1996 na leseni yao inaweza kuguswa.

Sasa pesa iliyobaki. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ardhi kinapanga pesa ya mnada iende wapi: kodi na ada zinazodaiwa na ardhi, rehani iliyotangulia kama ipo, gharama za mauzo, deni la benki iliyouza, rehani zingine zilizofuata, na kinachobaki ni chako wewe uliyekuwa mwenye nyumba. Si zawadi, ni haki. Shida ni kwamba benki haitakimbia kukutafuta, na deni unalolikumbuka wewe si deni wanalolihesabu wao, kuna riba, faini, ada ya wakili na ya dalali. Waandikie uombe hesabu kamili tangu siku ya kwanza hadi siku ya mnada, na bei nyumba iliyouzwa nayo. Angalia pia thamani, kama iliuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, kifungu cha 97 kinachukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake mpaka ithibitishe vingine. Nyumba yenyewe hutarudishiwa kirahisi, mnunuzi analindwa, lakini fidia kutoka kwa benki inawezekana.

Kama ni kinyume, yaani pesa ya mnada haikutosha na benki ikaja kukudai iliyobaki, wataanza na kesi, washinde, ndo waje kwa vitu vyako kwa oda ya korti. Hata hapo, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kifungu cha 44 inakataza kuchukuliwa kwa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko yako na ya watoto, na vifaa vya fundi vya kujipatia riziki viko na kinga yake. Kwa hivyo mtu akija na lori bila karatasi ya korti akisema ametumwa na benki kubeba cherehani, mlango ubaki umefungwa.

Kuhusu vyeti vya watoto, fanya hili leo usingojee hayo mengine. Andika meseji tofauti ya mistari mitatu kwa mnunuzi, usimwombe kitu kingine ndani yake, mwambie unaomba tu bahasha ya vyeti, kadi za kliniki na vitambulisho, na jirani yako fulani atakuja kuichukua kesho saa nne. Hakuna mwenye faida na karatasi za watoto wa mtu, wengi hukubali. Akikataa, hiyo meseji iprinti uweke mbele kabisa kwenye faili lako la korti, na ukiwa stesheni kwa ile OB waambie wakupe abstrakti (hati ya polisi ya kuonyesha umeripoti) ya hizo karatasi manake shule zikifunguliwa ndo utaihitaji.